Sahani za Kabatini na Majumba ya Mabwana wa Ulaya



Swali hili hutufikia mara kwa mara, na aghalabu hutoka pande mbili za nyumba moja. Mume huuliza kama si israfu mkewe kujaza kabati sahani za kauri ambazo hakuna anayezilia. Mke naye huuliza kuna ubaya gani kuipamba nyumba yake. Tutalijibu, ila tutapitia Ulaya kwanza, kwani huko jambo hili lilifika mbali mno, na ushahidi wake ungalipo katika majumba makubwa ya mashambani.

Kauri ya Kichina ilianza kuwafikia Wazungu kwa wingi baada ya Wareno kuijua njia ya bahari ya mashariki. Mwaka 1603 Waholanzi waliiteka merikebu ya Kireno, Santa Catarina, karibu na Singapore, ikiwa imesheheni kauri kwa maelfu. Shehena hiyo ilipopigwa mnada Amsterdam, wakubwa wa Ulaya waligombania vyombo ambavyo wao wenyewe hawakujua kuvitengeneza. Siri ilikuwa Jingdezhen, mji wa matanuri, ambako udongo mweupe wa kaolini ulichanganywa na jiwe lililosagwa, kisha ukachomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,300. Ilibidi Ulaya ingoje hadi mwaka 1710 ndipo kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilipofunguliwa.

Hata hivyo, kabla ya Mzungu alikuwapo mnunuzi mwingine, naye ni Muislamu. Katika karne ya 14 rangi ile ya buluu ilichorwa kwa madini ya kobalti yaliyotoka Iran, na Wachina wakaja kuwa na jina la buluu ya Waislamu. Zile sahani kubwa za wakati huo, pana kupita kiasi, zilifaa watu wanaokula pamoja katika chombo kimoja. Neno letu sinia lenyewe asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kitu cha Uchina. Mwaka 1611 Shah Abbas wa Iran alitoa vipande zaidi ya 1,000 vya kauri kuwa wakfu kwa zawiya ya Ardabil, vikatiwa alama ya wakfu na kupangwa katika vidaka vya ukutani. Mwenye kuijua nyumba ya kale ya Lamu, na zidaka zake, hatahitaji kuelezwa sura ya chumba hicho.

Turudi Uingereza. Malkia Mary wa Pili, aliyerudi kutoka Uholanzi mwaka 1689, alikuja na mapenzi makubwa ya kauri, akaipanga juu ya makabati na juu ya meko. Mwandishi Daniel Defoe alimlaumu baadaye kwa kuwafunza watu gharama hiyo. Matajiri wakafuata, kisha wakazidisha: wakaanza kupeleka Canton, mji uitwao leo Guangzhou, michoro ya nembo za koo zao, ili kila sahani irudi ikiwa na alama ya ukoo. Mchoro ulikwenda kwa merikebu na vyombo vikarudi kwa merikebu, na mwenye kuagiza akangoja mwaka na zaidi. Maelfu ya seti kama hizo ziliagizwa na koo za Uingereza.

Seti moja ina kisa chake. Nahodha George Anson alikuwa Canton mwaka 1743 moto mkubwa ulipozuka, na mabaharia wake wakasaidia kuuzima. Yaelezwa kwamba wafanyabiashara wa Kizungu wa hapo walimtunukia seti ya kauri kwa shukrani. Katikati ya kila sahani pamechorwa mti, nao si mwingine ila mshelisheli, tunaoujua sote katika mwambao wetu. Anson na watu wake, wakiwa hoi kwa maradhi, walikula mashelisheli katika kisiwa cha Tinian wakapata nguvu. Twaona hii ndiyo sahani yenye adabu kuliko zote za majumba yale: nembo ya ukoo imewekwa ukingoni, na riziki iliyowaokoa wenye njaa imewekwa kati.

Waume wanaowacheka wake zao nao wana habari yao. Augustus, mtawala wa Saxony, aliwatoa askari 600 wa farasi kwa mfalme wa Prussia mwaka 1717 ili apewe vipande 151 vya kauri. Hatujasikia mwanamke aliyenunua bakuli kwa watu.

Basi jibu letu ni hili. Sheria imetukataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha, mume na mke sawa. Kauri haimo katika katazo hilo, wala pambo la nyumba si haramu. Wazee wetu walitia mabakuli ya Kichina hata katika mnara wa kaburi la Mambrui na mihrabu ya Gedi. Israfu tunaiona kwa mwenye kukopa ili kabati lake lishindane na la jirani, au kuichelewesha karo ya mtoto kwa ajili ya birika. Na mume aliyebadilisha simu mara mbili mwaka huu asitwambie habari ya sahani. Nawe dada yetu, zitoe mgeni ajapo. Ikivunjika moja, imevunjika kwa kazi iliyofinyangiwa.

Sahani za Anson ziliwekwa Shugborough, jumba la kaka yake Thomas huko Staffordshire. George mwenyewe alifariki mwaka 1762 bila ya mtoto, na mali yake ikamwendea kaka huyo. Mwaka 1842 mrithi wa jumba, kwa uzito wa madeni, aliviuza vilivyokuwamo kwa mnada uliochukua siku nyingi, na katika karne ya 20 jumba lenyewe likatoka mikononi mwa ukoo kwa sababu ya kodi ya mirathi. Vipande 208 vya seti ile vingali huko, nyuma ya kioo, na mshelisheli wake haujafifia.

Wallahu aalam.