Mpiga Ramli na Mtoto Aliyepotea



Mwalimu mwenzangu mmoja alisema mbele yetu sote ya kwamba picha za sinema za Waingereza zihusuzo wezi wa watoto hazina maana kwetu. Huko, asema, mtoto huibwa ili baba yake tajiri atoe fedha. Hapa Kalinzi, kwa wakulima wa kahawa na maharagwe, nani ana fedha za kudaiwa? Nilinyamaza kwa kuwa ni mkubwa wangu. Walakini sikukubali, na leo namjibu.

Picha tuliyoitazama ni ile iitwayo Séance on a Wet Afternoon, iliyotengenezwa na Bryan Forbes na kutolewa mwaka 1964. Yumo bibi mmoja wa London, jina lake Myra, ambaye kazi yake ni kusema na wafu. Watu hawamheshimu kama apendavyo. Basi amshurutisha mumewe, mtu mnyonge asiyeweza kukataa, amwibe binti wa tajiri, kisha wadai paundi 25,000. Lakini fedha si kiini cha shauri lao. Mtoto akiisha kufichwa nyumbani mwao, bibi yule aenda kwa wazazi na kusema ya kwamba amemwona mtoto wao katika ndoto. Ajua alipo kwa sababu yeye ndiye aliyemweka! Na mama wa mtoto, kwa uchungu alio nao, amwendea.

Sasa mwenzangu aniambie kwamba hilo ni jambo la Ulaya tu.

Miaka michache iliyopita mtoto wa darasa langu hakurudi nyumbani jioni. Je, wazazi walikwenda wapi kwanza? Hawakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wala hawakuja kwangu niliyemwona mara ya mwisho. Waliuza mbuzi, wakaenda kwa mpiga ramli. Yeye akatazama vitu vyake, akasema mtoto yu mikononi mwa mwanamke mzee, jirani, aishiye peke yake. Katika mtaa ule mwanamke wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Kabla ya usiku kwisha mlango wake ulikuwa umevunjwa. Siku ya tatu mtoto alionekana kwa mjomba wake upande wa Manyovu, ambako alikuwa amekimbilia kwa kuogopa kuchapwa.

Hapo hakuna mtoto aliyeibwa, na bado madhara yalipatikana. Kwingine watoto huibwa kweli. Desemba 2014, katika wilaya ya Kwimba, mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka minne, alichukuliwa usiku nyumbani kwao. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Februari ile ile, huko Chato, mtoto mwingine mwenye ualbino, aliyekuwa bado na mwaka mmoja tu, alinyang'anywa mikononi mwa mama yake, na mwili wake ukapatikana umekatwa. Mei 2024 ikawa Muleba, mtoto wa miaka miwili. Kati ya watu tisa walioshitakiwa kwa kifo chake walikuwamo mganga wa jadi, baba mzazi wa mtoto, na padre. Kushitakiwa si kuhukumiwa, najua. Walakini sisi tunaosoma gazeti la misheni tusiruke habari hiyo kwa haya.

Tangu utoto wetu tumeogopeshwa mumiani, mgeni ajaye usiku. Lakini ni nani amwambiaye mtu kwamba kiungo cha mtoto kitamletea dhahabu, au samaki, au kura? Si mgeni. Ni mtu tunayemjua, tunayemwamkia njiani, tunayempelekea mbuzi.

Wengine watasema nawatukana waganga wote. La! Mzee ajuaye mizizi na majani simgusi. Hata sheria ya mwaka 2002 ya tiba ya asili inamtambua. Namsema yule atajaye watu. Tena sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, na katika muda huo wote ramli haijakosa wateja.

Wengine watasema polisi wako mbali, nao huchelewa. Kweli, sibishi. Lakini saa zile za kwanza ndizo zenye thamani kuliko zote, nasi twazitumia kumtafuta mnunuzi wa mbuzi! Simu ziko mikononi mwetu. Mwenyekiti yupo, kengele ya kanisa ipo, adhana ipo, vijana wa kupita katika mashamba ya kahawa na mabondeni wapo, na madereva wa njia ya Mwandiga wanaweza kuulizwa wamempakia nani.

Katika picha ile, mwishoni, polisi walimwomba Myra afanye kazi yake mbele yao. Naye, macho yamefumbwa, akasema yote aliyoyatenda. Wao walikuwa na swali ambalo sisi hatumwulizi mpiga ramli hata siku moja: wewe umejuaje?

Mwanafunzi wangu yule sasa yuko sekondari. Baba yake hajampelekea yule mama mzee hata neno la kuomba radhi, na mpiga ramli hajarudisha fedha ya mbuzi. Yule mama alihamia kwa binti yake Ujiji. Mibuni yake inachumwa na watu wengine.