Zawadi ya Bahati Nasibu na Mzigo wa Anayepewa

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii humsifu anayetoa, anayepewa haimtaji. Katika mji wa Voi na vijiji vya Kaunti ya Taita Taveta, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya, ipo zawadi ambayo kwa miaka mingi imetolewa kwa nia njema na jamaa walioko Marekani. Zawadi yenyewe ni kumjazia ndugu aliyebaki nyumbani fomu ya bahati nasibu ya viza, ile ambayo mitaani huitwa grini kadi. Makala haya yanashikilia kwamba zawadi hiyo, kwa jinsi ilivyozoeleka kutolewa, humtwika mpokeaji mzigo ambao mtoaji hauoni. Kwa hiyo yafaa itolewe kwa masharti mengine, la sivyo isitolewe kabisa.

Kwanza ni vyema kueleza kwa nini bahati nasibu hii ndiyo iliyopata nafasi ya kuwa zawadi ya ng'ambo. Tiketi ya kawaida ya bahati nasibu haisafiri kwa urahisi. Sheria ya shirikisho ya Marekani imepiga marufuku tangu zamani kutuma tiketi za bahati nasibu kwa posta, na vilevile kuziingiza nchini humo kutoka nje. Mkenya aliyenunua tiketi ya Kenya Charity Sweepstake, mchezo ulioanza miaka ya 1960, angeweza kumpa jirani yake kwa mkono, lakini si kumtumia dada yake aliyeko Boston. Bahati ya viza haikuwa na kizuizi hicho. Ilivuka bahari bila bahasha wala stempu, na haikuwa na bei. Tena ilivuka kwa mwelekeo usiotarajiwa: aliyeko Marekani ndiye aliyeituma kwa jamaa zake wa ng'ambo, kwa maana kwake yeye Voi ndiyo ng'ambo.

Mpango huo uliundwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 na ukaanza kutoa viza katika mwaka wa fedha wa 1995. Viza zake hazizidi 55,000 kwa mwaka, na nchi moja haiwezi kupata zaidi ya asilimia 7 ya viza hizo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2003 maombi yamekuwa yakipokewa kwa intaneti pekee. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoifanya iwe zawadi rahisi. Shangazi aliyetoka kazini zamu ya usiku aliweza kuketi jikoni kwake, akaandika jina la mpwa wake, tarehe ya kuzaliwa na mahali alipozaliwa, akaweka picha aliyotumiwa kwa simu, kisha akapiga simu nyumbani kusema kwamba kijana ameshajaziwa. Mama mtu akashukuru. Jambo likaisha, au likaonekana limeisha.

Haifai kuibeza zawadi hii. Zipo familia ambazo maisha yao yalibadilika kwa sababu ndugu mmoja alikumbukwa na mwenzake mnamo Oktoba, mwezi ambao usajili ulizoea kufunguliwa. Karo zimelipwa na nyumba za mawe zimejengwa. Aidha, mtu anayemkumbuka ndugu yake katika hangaiko la ugenini hastahili lawama. Suala linalojadiliwa hapa ni umbo la zawadi yenyewe. Upendo wa mtoaji hautiliwi shaka.

Lugha ya Kiswahili inaweza kusaidia katika mjadala huu. Kati ya maneno yake ya kutoa, kama vile tunu, hidaya na zawadi, limo neno hiba, lililoingia Pwani pamoja na sheria ya Kiislamu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hiba haitimii mpaka yapatikane mambo matatu: mtoaji atamke kwamba anatoa, mpokeaji akubali, na kitu chenyewe kikabidhiwe. Msomaji si lazima awe Mwislamu ili aone hekima ya kipimo hiki. Bahati nasibu ya viza ikipimwa kwacho hupwaya mara mbili. Ukubali wa mpokeaji mara nyingi hukisiwa tu, wala hapana kinachokabidhiwa. Anachokipata ni tumaini, na tumaini halina mahali pa kushikwa.

Upungufu wa ukubali ulikuwa na madhara ya wazi. Kanuni za mpango huo ziliruhusu ombi moja tu kwa mtu mmoja katika kipindi kimoja cha usajili. Maombi mawili yalimwondoa mhusika moja kwa moja. Chukulia kijana wa Mbololo ambaye shangazi yake alimjazia kimyakimya akitaka kumshangaza. Wiki hiyohiyo kijana naye akaingia saiba mjini Voi na kulipia huduma ya kujaziwa. Zawadi mbili zikauana, na hakuna aliyejua. Au chukulia kwamba kijana alikwisha oa na ana mtoto Mwatate, habari ambayo haikuwa imemfikia shangazi. Kuacha kumtaja mke au mtoto katika fomu kulitosha kuharibu viza hata baada ya jina kuchaguliwa. Hivyo basi, yule aliyedhani anamfungulia mpwa wake mlango ndiye aliyemfungia, tena kwa mkono wa mapenzi.

Elimu pia ilikuwa sharti. Mwombaji alitakiwa awe amemaliza miaka 12 ya shule ya msingi na sekondari, ama awe na uzoefu wa miaka miwili, ndani ya miaka mitano iliyopita, katika kazi inayohitaji mafunzo ya angalau miaka miwili. Kompyuta ilipochagua majina haikuuliza habari hizo. Aliyeishia darasa la nane angeweza kuchaguliwa, ukoo mzima ukashangilia, kisha akanyimwa viza dirishani. Fomu ilikuwa ya Kiingereza na aliyeisoma ni mtoaji peke yake. Mpokeaji alisomewa neno moja tu, bahati.

Aliyechaguliwa naye hakuwa amepewa viza. Kwa mwaka wa viza wa 2025 waliandikishwa karibu watu milioni 20, wakachaguliwa takriban 131,000, ilhali viza hazikuweza kuzidi zile 55,000. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya walioitwa washindi hawangeweza kupata chochote. Hata hivyo gharama ziliwaanza wote. Ilibidi kutafuta pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha mwenendo mwema, kupimwa afya, na kusafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi hadi Nairobi kwa mahojiano. Ada ya viza ilikuwa dola 330 kwa kila mtu, nayo haikurudishwa. Mwenye mke na watoto wawili alihitaji dola 1,320 kabla hajafikiria nauli ya ndege. Haya yote yalipaswa kukamilika kabla ya tarehe 30 Septemba ya mwaka wa viza. Siku hiyo ikipita, bahati ilikufa hata kama faili lilikuwa mezani.

Katika vilima vya Taita, ambako mashamba ni madogo na hugawanywa kila kizazi, fedha za namna hiyo hutoka wapi? Hutoka kwa ng'ombe, kwa mkopo wa chama, kwa kipande cha shamba ambacho ndugu wengine nao walikitegemea. Zawadi iliyotolewa bila senti moja upande mmoja wa bahari huja kulipiwa kwa ardhi upande wa pili. Neno zawadi lenyewe huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya masurufu ya safari, yaani chakula anachofungiwa msafiri. Kwa maana hiyo ya asili, aliyempa ndugu yake safari bila masurufu hajampa zawadi.

Kuna na gharama isiyohesabika kwa dola. Kijana anayejaziwa kila mwaka hujifunza kungoja. Mafunzo ya ufundi huahirishwa mpaka majina yatoke mwezi wa Mei. Yakitoka bila lake, huahirishwa mpaka Oktoba. Voi ni mji wa njia panda: magari ya Mombasa na Nairobi hupita, reli hupita, na kijana huona kila siku watu wanaokwenda mahali. Kumwongezea sababu ya kujiona yuko kituoni tu ni jambo zito. Wahenga walikwisha onya kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Huenda ikadaiwa kwamba bahati nasibu haimzuii mtu kufanya kazi, na kwamba mwenye akili hujaziwa kisha akasahau. Hoja hii ina ukweli kwa anayejijazia mwenyewe. Anayejaziwa na mkubwa wake hawezi kusahau, kwa sababu amekwisha kuwekwa katika deni la shukrani. Asipochaguliwa huona aibu kana kwamba amekosea. Akichaguliwa na kutaka kubaki nyumbani, ni nani atakayethubutu kumwambia shangazi hivyo? Naye mtoaji, baada ya kujaza fomu, huhisi amekwisha kutimiza wajibu ambao pengine ungetimizwa kwa jambo gumu zaidi: kulipa karo ya muhula mmoja, au kusimulia ukweli kuhusu kodi ya nyumba, baridi na zamu mbili kwa siku.

Mambo sasa yamebadilika. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliweka ada ya dola 1 kwa kila ombi. Mwezi Oktoba wa mwaka huo usajili haukufunguliwa kama ilivyokuwa desturi, na mwezi Desemba ikatangazwa kwamba mpango unasimamishwa. Ukifunguliwa tena au usipofunguliwa, kimya hiki ni nafasi ya familia kuzungumza kuhusu mambo ambayo fomu iliwawezesha kuyakwepa. Atakayetaka kumjazia ndugu yake bahati yoyote ya kuhama, iwe ya Marekani au ya nchi nyingine, na amuulize kwanza kama anataka kwenda. Amsomee masharti yote kwa lugha anayoielewa, kiwe Kiswahili au Kidawida. Ampe nambari ya uthibitisho aitunze mwenyewe. Kisha aseme mapema ni kiasi gani atachangia jina likitoka. Hapo ukubali utakuwa umepatikana, na cha kukabidhiwa pia.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Wengi wao ndio wanaoitwa na wazazi na majirani wasome barua na fomu zilizoandikwa kwa Kiingereza. Anayefasiri fomu ya namna hii asiishie kwenye jina na tarehe ya kuzaliwa; afasiri na masharti, hasa yale yanayokatisha tamaa. Kijana wa Mbololo akiyasikia yote, huenda bado akasema anataka kujaziwa. Huenda pia akamwomba shangazi yake karo ya chuo cha ufundi. Katika hali zote mbili atakuwa ameulizwa.