Mtoto akitaka kuvuka bahari peke yake, utamjibu nini?

Mzazi, mwanao wa miaka 13 akikwambia anataka kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya matanga, utamjibu nini? Wengi wetu tungecheka, kisha tungemwambia akafanye kazi za shule.

Laura Dekker, msichana wa Uholanzi, alitaka hivyo mwaka 2009. Hakuwa mgeni wa maji. Alizaliwa New Zealand wakati wazazi wake wakiwa katika safari ndefu ya baharini, na miaka yake ya mwanzo aliishi ndani ya mashua. Baba yake alimuunga mkono. Serikali ilikataa, na mahakama ikamweka chini ya uangalizi wa idara ya ustawi wa watoto. Mama yake naye alisema hadharani kwamba ana hofu.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Baharia aliye peke yake hana wa kupokezana naye zamu. Hulala kwa vipande vipande, kengele ikimwamsha aangalie kama kuna meli mbele. Upepo ukizidi usiku wa manane, ni yeye anayetoka kupunguza tanga. Kupika ni kazi, maana sufuria huyumba pamoja na chombo. Maji ya kunywa hutumiwa kwa kipimo. Akiumwa jino au kamba ikimkata mkono, daktari ni yeye mwenyewe. Juu ya hayo yote, binti huyu alitakiwa aendelee na masomo.

Kinachotufaa sisi wazazi ni yale yaliyofanyika kati ya kukataliwa na kukubaliwa. Ikapatikana mashua kubwa na imara zaidi, ya urefu wa mita 12 hivi, iliyoitwa Guppy. Laura akasomea huduma ya kwanza. Akajizoeza kufanya kazi akiwa na usingizi mchache. Ukawekwa utaratibu wa kusoma akiwa safarini. Julai 2010 mahakama ikaondoa uangalizi na kuwarudishia wazazi uamuzi.

Agosti akang'oa nanga, akiwa na miaka 14. Alisafiri kwa vituo, na kipande kirefu kuliko vyote kilikuwa katika Bahari ya Hindi, kutoka Darwin, Australia, hadi Durban, Afrika Kusini: siku 47 bila kukanyaga nchi kavu. Januari 21, 2012 alifika kisiwa cha Sint Maarten, Karibi, akiwa na miaka 16.

Simshauri mzazi yeyote amwachie mtoto bahari. Kufika salama kwa mmoja hakufanyi hatari iwe ndogo kwa mwingine. Lakini watoto wetu nao wana bahari zao: kupanda daladala peke yake kwa mara ya kwanza, kwenda shule ya bweni, kusafiri na timu hadi mkoa mwingine, kuanza biashara ndogo wakati wa likizo.

Kwa maombi kama hayo, "hapana" kavu humfundisha mtoto kuficha, na "ndiyo" ya haraka humtupa majini. Kuna jibu la tatu: "Bado." Lakini "bado" isiyo na maelezo ni "hapana" iliyovaa kanga. Mwambie ni nini kinakosekana. Anayetaka kupanda daladala, aonyeshe kwanza kwamba anakijua kituo, nauli, namba ya simu ya nyumbani, na mtu wa kumwendea akipotea. Nenda naye mara mbili. Mara ya tatu kaa kiti cha nyuma, umwache yeye amwambie kondakta "shusha".

Akitimiza yote mliyokubaliana, usiongeze sharti jipya kwa sababu tu moyo wako unadunda. Hapo zamu ya kujizoeza ni yako, mzazi.