Taka za Mji Mkongwe: Tusitafute wa Kumsingizia

Kila msimu wa wageni unapopamba moto Zanzibar, maneno yale yale hurudi kuhusu taka za majumbani. Mengi si ya kweli, na yanatuchelewesha.

Eti wageni ndio wachafuzi. Mwaka 2023 visiwa vilipokea wageni zaidi ya 600,000, na chupa zao za maji zimezagaa, hilo silikatai. Lakini mgeni hulala siku chache akaondoka. Wakaazi, kwa sensa ya 2022, ni karibu milioni 1.9, na wanapika kila siku.

Linalonikera zaidi ni hili la kwamba wakaazi hawana ustaarabu. Nenda Kiponda au Mkunazini, mitaa ya Mji Mkongwe, asubuhi. Lori haliingii. Mzoa taka anasukuma mkokoteni, anakutana na kundi la wageni nyuma ya mtembezaji wao, inabidi arudi kinyumenyume hadi penye upana ndipo wapishane. Huku nyuma, mfuko uliowekwa kizingitini tangu usiku umeshapasuliwa na paka na kunguru: machicha ya nazi, mapezi ya samaki, maganda ya ndizi, vyote njiani. (Kunguru hao waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, kwa matumaini kwamba wangekula taka za mji, wakaishia kuwa balaa hata kwa ndege wa asili.) Mama wa nyumba ile alifunga mfuko wake vizuri. Alichokosa ni ndoo yenye kifuniko, na mkokoteni unaopita kwa saa inayojulikana, kabla vichochoro havijajaa watu.

Wengine husema mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku, yaliyobaki ni madogo. Marufuku ile ni jambo jema, na Zanzibar iliitangulia Tanzania Bara, iliyoanza yake tarehe 1 Juni 2019. Ila kinacholemea ndoo ya nyumbani ni mabaki ya jikoni, zaidi ya nusu ya uzito wake.

Basi tuongeze malori, yote yapelekwe dampo la Kibele? Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji tunayokunywa hutoka humo humo chini. Mabaki yakirundikwa na kuoza hutoa maji machafu, nayo hutafuta njia ya kushuka. Yakitengwa mlangoni, ni mbolea kwa wakulima wetu wa mboga. Na wanaosema tuchome, wafikirie moshi wa plastiki kwenye uchochoro usio na upepo, na mtoto mchanga dirishani.

Mwisho husemwa kwamba watu hawatakubali kutenga. Mbona wanatenga? Vifuu huwekwa kando kwa moto, machicha hupewa kuku. Anayefanya hivyo hatashindwa na ndoo mbili. Kitakachomvunja moyo ni kuona zote mbili zikimwagwa kwenye gari moja, kwa hiyo manispaa ianze kwa kutenga magari.