UKUMBI WA MWALIMU: Kitufe Huamuru, Reli Ndiyo Shahidi



Mwezi huu tumeletewa barua na mama mmoja anayekaa Overport, katika mji wetu huu wa Durban. Anaeleza kuwa mwanawe wa miaka 12 alinunuliwa seti ya treni ndogo za umeme, iliyokwisha kutumika, na kwa miezi kadhaa ameijenga juu ya ubao chumbani mwake: reli, stesheni ya maboksi, na njia nne za kugeuzia treni, zinazogeuzwa kwa umeme. Vitufe vya kugeuzia amevipanga juu ya kibao kidogo, na kila njia ina taa mbili, ya kijani na nyekundu. Sasa limezuka tatizo. Mara nyingine taa ya kijani huwaka kuonyesha kuwa njia kuu i wazi, kumbe treni huingia njia ya pembeni na kugonga mabehewa yaliyosimama. Koili mbili nazo zimekwisha kuungua. Ami yake kijana ameamua kuwa mtoto huyu ni mzembe, hubonyeza bila ya kutazama. Na kijana, kwa machozi, ameshikilia kuwa taa ya kijani aliiona kwa macho yake. Mama anauliza mambo mawili: je, vyombo hivi vina hatari nyumbani? Na je, kati ya ami na mtoto, msema kweli ni nani?

Tutaanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo zito zaidi. Barua imeambatishwa na mchoro wa nyaya alioukata kijana mwenyewe, tena kwa usafi. Tumeutazama, na jibu letu ni hili: mtoto amesema kweli. Iliyosema uwongo ni taa. Na kwa kuwa mtoto akituhumiwa uwongo asiousema huweza kukata tamaa ya kusema kweli, hatuna budi kulieleza jambo hili mpaka ami mwenyewe aridhike.

Pahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili, watu wa reli hupaita pointi. (Mtaa wa Point hapa bandarini hauhusiani na neno hilo, umepata jina lake kwa ile ncha ya ardhi inayoingia baharini. Hata hivyo, wenye kupenda historia watafurahi kujua kuwa treni ya abiria ya kwanza Afrika Kusini ilikwenda huko huko, kutoka mjini Durban hadi Point, tarehe 26 Juni 1860, mwendo wa kilomita zipatazo tatu tu.) Ndani ya pointi kuna vyuma viwili vyembamba vyenye ncha, mfano wa ndimi. Ndimi zikilalia upande huu, magurudumu hufuata njia hii. Zikilalia upande ule, hufuata njia ile. Dereva hana usukani. Aliyepata kusafiri kwa reli ya kati ya Tanganyika anakumbuka Tabora, ambako mabehewa yaliyotoka pamoja Dar es Salaam huachana, haya yakashika njia ya Kigoma na haya ya Mwanza. Abiria hulala usingizi, na safari yake yote imo katika ulimi wa chuma uliosogea kwa upana wa vidole vichache.

Zamani ndimi hizi zilivutwa kwa mkono, kwa mtaimbo mrefu. Katika treni ndogo za nyumbani kazi hiyo hufanywa na koili mbili za waya mwembamba wa shaba, zilizowekwa zikitazamana, na katikati yao kijiti cha chuma. Umeme ukipita katika koili ya kulia, koili hugeuka sumaku na kukivuta kijiti kulia. Ukipita katika ya kushoto, hukivuta kushoto. Kijiti kimefungwa na ndimi, basi nazo hufuata. Nyaya ni tatu tu: mmoja wa koili ya kulia, mmoja wa kushoto, na mmoja wa pamoja unaorudisha umeme kutoka koili zote mbili.

Sasa tufanye hesabu ndogo, ile ya darasani. Tuseme koili ina ukinzani wa omu 4, na umeme unaoletwa ni wa volti 16. Gawanya 16 kwa 4, utapata ampea 4. Zidisha ampea 4 kwa volti 16, utapata wati 64. Hizo ni wati zaidi ya zile za globu ya kizamani ya wati 60 iliyotosha kuangaza chumba kizima, nazo zimo ndani ya koili isiyozidi ncha ya kidole gumba! Kwa sehemu ndogo ya sekunde koili huvumilia. Kidole kikikaa juu ya kitufe kwa sekunde chache, waya huunguza ngozi yake na koili hufa. Hii ndiyo sababu ya koili mbili kuungua, na kwa mchoro tulioletewa hapakuwa na uzembe. Kijana ametumia swichi za kawaida, za kuwasha na kuzima kama za taa ya ukutani. Swichi ya namna hiyo ukiiwasha hubaki imewaka mpaka uikumbuke.

Dawa ni mbili, na ni vyema zitumike pamoja. Kwanza, swichi ziondolewe, viwekwe vitufe vya springi vinavyojirudi vyenyewe kidole kinapoondoka. Pili, baina ya umeme na vitufe kiwekwe kifaa cha kapasita. Kapasita ni mfano wa mtungi: hujazwa umeme polepole, kisha kitufe kikibonyezwa humwaga wote kwa mkupuo mmoja. Aghalabu hutumika kapasita ya mikrofaradi 2,200 hadi 4,700, yenye kuhimili volti 25 au zaidi. Na kifaa kizima huuzwa kikiwa tayari katika maduka ya treni za kuchezea. Faida yake ni maradufu. Ule mkupuo huzitupa ndimi kwa nguvu mpaka mwisho, wala haziishii katikati. Na hata kidole kikisahaulika juu ya kitufe, mtungi umekwisha kuwa mtupu, na kinachopita ni mchirizi mdogo usioweza kuunguza koili. Waya wa pamoja nao uwe mnene kuliko nyaya nyingine, kwa maana umeme wa pointi zote hurudi kwa njia hiyo moja, na waya mwembamba na mrefu hula nguvu yake njiani.

Tuje katika taa, ambako ndiko kwenye mzozo. Mchoro waonyesha kuwa kijana ameunga waya wa taa ya kijani pale pale penye swichi ya kugeuza njia. Swichi ikilazwa upande wa njia kuu, taa ya kijani huwaka. Tuulize basi: taa hii inatoa habari gani? Inatoa habari ya swichi, yaani kwamba amri imetolewa. Haina habari yoyote ya ndimi zilizoko upande wa pili wa ubao. Ikiwa koili imeungua, au kijiwe kimekwama baina ya ulimi na reli, au waya umechomoka, ndimi hazikusogea hata unywele, na taa ya kijani itawaka vile vile kwa furaha. Mtoto aliiona taa kwa haki, na treni ikagonga kwa haki.

Upo mtihani mwepesi ambao ami aweza kuufanya mwenyewe leo usiku. Achukue njiti ya kiberiti, aiweke baina ya ulimi na reli ili ulimi usiweze kufika, kisha ageuze swichi mara moja na kuirudisha upesi. Akiona taa imegeuka ilhali ulimi haukugeuka, amekwisha kumpata mwongo.

Njia iliyo sawa ni taa kupata habari yake kutoka kwenye ndimi zenyewe. Chini ya pointi zifungwe swichi mbili ndogo sana, moja kila upande, zinazosukumwa na kile kijiti kinachosogea pamoja na ndimi. Kijiti kikifika mwisho wa kulia hugusa swichi ya kulia na kuwasha taa ya kijani. Kikifika mwisho wa kushoto huwasha nyekundu. Kikikwama katikati, hakigusi upande wowote na taa zote mbili huwa kiza. Kiza hicho nacho ni habari, tena habari njema: kina maana ya kwamba hakuna hakika, basi usiendeshe treni. Kwa umeme wa volti 12 wa betri au wa moja kwa moja, taa ya LED iwekewe kikinza cha omu 1,000, nayo itapata kiasi cha miliampea 10, inayotosha kabisa. Na swichi hizo ziwekwe karibu na ndimi kadiri iwezekanavyo, kwa sababu fimbo ndefu ikivunjika katikati, swichi iliyo mbali itatoa ushahidi wa uwongo kama ile ya kwanza.

Mpango huu una manufaa mengine kwetu sisi wakaazi wa Afrika Kusini. Tunakumbuka mgao wa umeme wa miaka ya 2022 na 2023, umeme ukikatika mara kadhaa kwa siku. Umeme unaporudi, pointi za koili hubaki zilipoachwa, na mkono wa mtoto huenda ulikwisha kuzisukuma gizani. Taa inayosikiliza ndimi huwaka na kueleza hali ilivyo sasa, haielezi ilivyoamriwa jana.

Huenda msomaji akaona kuwa tumekuza mchezo wa mtoto. La. Reli kubwa za dunia zimejengwa juu ya kanuni hii hii. Uingereza, baada ya ajali ya Armagh ya mwaka 1889, ambamo watu 80 walikufa, wakiwamo watoto, sheria ya mwaka huo huo ililazimisha, pamoja na mambo mengine, kuwa pointi na ishara zifungamanishwe. Katika reli za leo chombo cha umeme huzipima ndimi, na ishara hairuhusiwi kuwa ya kijani mpaka ndimi zithibitike kuwa zimelalia pahali pake na zimefungwa.

Na kanuni hiyo inapovunjwa, hata kwa waya mmoja, msiba wake ni mkubwa. Tarehe 2 Juni 2023, katika stesheni ya Bahanaga Bazar, wilaya ya Balasore, jimbo la Odisha nchini India, treni ya abiria iitwayo Coromandel Express ilikuwa ikienda Chennai, mji ule ule wa Madras walikotoka Wahindi wa kwanza wa mkataba waliofika hapa Durban kwa meli ya Truro, Novemba 1860. Treni ilikuwa mbioni, kilomita zipatazo 128 kwa saa. Dereva alipewa ishara ya kijani ya kupita moja kwa moja. Kumbe pointi ilikuwa imelalia njia ya pembeni, ambako treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Watu zaidi ya 290 walifariki. Uchunguzi wa usalama wa reli haukumtia hatiani dereva aliyeifuata taa. Ulikuta kuwa nyaya katika kisanduku cha umeme cha kivuko cha barabara ziliungwa vibaya, na kwamba majina yaliyoandikwa kwenye viungo vya nyaya hayakulingana na kazi zake. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo kwa miaka bila ya kugunduliwa, mpaka mafundi walipokuja kutengeneza.

Kwa hiyo tunamwagiza kijana wetu jambo moja lisilogharimu hata randi kumi. Kila waya uandikwe jina katika ncha zake zote mbili, kwa karatasi na utepe wa gundi: pointi ya ngapi, koili ya upande gani. Majina hayo hayo yaandikwe katika daftari, na siku waya unapohamishwa, daftari lisahihishwe siku hiyo hiyo. Kesho atakayelala chini ya ubao na tochi mdomoni, akitafuta waya uliokatika, huenda akawa mdogo wake.

Limebaki swali la kwanza la mama, la hatari. Umeme wa reli na pointi, wa volti 12 hadi 16, haumdhuru mtoto kwa kuugusa, ingawa koili iliyopata moto huweza kuunguza kidole. Hatari ipo katika transfoma inayochomekwa ukutani, kwenye volti 230. Transfoma ya kale iliyopasuka ganda, au iliyochubuka waya, isitengenezwe na mtoto wala na ami. Itupwe, inunuliwe nyingine iliyofungwa kiwandani. Nyaya za chini ya ubao ziungwe transfoma ikiwa imechomolewa, na hata baada ya kuchomoa, dakika moja ipite kabla ya kuigusa kapasita, kwa kuwa mtungi huwa bado una maji. Kazi ya lehemu ifanywe dirisha likiwa wazi, mtu mzima akiwapo, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa sababu lehemu nyingi zina risasi. Usiku kila kitu kichomolewe. Akizingatia hayo, mama asiiuze seti.

Ama ami, tunamheshimu na tunajua kuwa alikusudia malezi. Tunamshauri aubebe mtihani wa njiti ya kiberiti, akae na kijana mbele ya ubao, na wautazame ulimi pamoja. Na ikithibitika kama tunavyodhani, basi amwambie kijana, mbele ya mama yake: ulisema kweli. Kisha washike bisibisi. Kazi ya pointi nne, kwa watu wawili, ni ya Jumamosi mbili.