Mbwa Asiye Wetu, Mtoto Aliye Wetu



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana majumbani mwetu, nalo ni chanjo ya mbwa. Wapo watakaouliza, "Sisi hatufugi mbwa, hayo yatuhusu nini?" Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Natutazame Pemba, kisiwa cha ndugu zetu wa dini na lugha. Wengi wa watu wake ni Waislamu na majumbani mwao mbwa hawafugwi. Juu ya hivyo, kichaa cha mbwa kilikuwapo kisiwani humo, watu wakiumwa na wengine wakipoteza maisha. Mwaka 2023 wataalamu wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, walichapisha utafiti wa maradhi hayo kisiwani Pemba kuanzia mwaka 2010 hadi 2020. Walifuatilia wanyama walioshukiwa na watu walioumwa, wakiuliza nani ameumwa, wapi, na na mnyama gani. Kisha wakasoma chembe za urithi za virusi wenyewe, mfano wa mtu anayefuatilia nasaba ya ukoo, wapate kujua maradhi ya mbwa huyu yametoka kwa mbwa yupi.

Walikuta minyororo mitano ya maradhi ikizunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Mbwa walipoanza kuchanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na kazi hiyo ikazidi kuimarishwa, minyororo yote mitano ilikatika kufikia Mei 2014. Baadaye chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yaliingizwa tena kisiwani mara mbili, yakawakuta mbwa hawana kinga, yakaenea upya. Chanjo iliporejeshwa kisiwa kizima, mlipuko huo ulizimwa Oktoba 2018.

Funzo la utafiti huo ni wazi. Sindano apewayo mtu aliyeumwa humwokoa mtu huyo, na ni haki yake kuipata. Lakini haiyazuii maradhi kuendelea miongoni mwa mbwa, na kesho mtoto mwingine ataumwa. Kinachokata mnyororo ni chanjo ya mbwa. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila mia, maradhi hukosa njia ya kupita.

Huenda mtu akasema tuwaue mbwa wa mitaani tupumzike. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na haikuyamaliza maradhi. Wakiuawa waliokwisha kuchanjwa, nafasi yao huchukuliwa na wageni wasio na kinga, na tukarudi pale pale.

Tuelewe pia namna maradhi haya yanavyofanya kazi. Virusi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma au akikwaruza, huingia jerahani na kupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu, na pengine juma moja au mwaka mzima. Muda huo ni rehema, kwani ndani yake chanjo huweza kuyatangulia maradhi. Dalili zikishadhihiri, mgonjwa akaogopa maji na kuweweseka, ni nadra mno kupona. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Wala si mbwa peke yake. Paka tunaowalisha vibarazani, punda, ng'ombe na mbuzi, wote huweza kuumwa na mbwa mgonjwa nao wakaugua. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, akawa mkali au akalegea na kutokwa na mate, asikaribiwe wala asichinjwe. Aitwe daktari wa mifugo.

Sasa tuje kwenye dini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo twaijua na twaifuata. Lakini hukumu ya tohara si amri ya chuki. Qur'ani Tukufu katika Suratul Maida, aya ya 4, imetuhalalishia windo la mnyama aliyefunzwa, na katika Suratul Kahf mbwa ametajwa pamoja na vijana wema wa pangoni. Tena twaijua habari aliyoisimulia Mtume (s.a.w.) ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatuni ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe. Basi jirani anayempeleka mbwa wake kuchanjwa anawahudumia watoto wetu, na anastahili shukrani yetu. Na wakija wahudumu wa mifugo mtaani kutafuta uwanja wa kuchanjia, sisi tuwe wa kwanza kuwapokea.

Ama mtu akiumwa, au akikwaruzwa hata kidogo, jambo la kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Baada ya hapo aende hospitali siku ile ile, na amalize sindano zote alizopangiwa hata kama jeraha limepona. Udongo usitiwe jerahani kwa nia ya tohara. Kanuni ya sheria ni kwamba madhara huondolewa, na mwenye jeraha ana udhuru wake. Akishahudumiwa, amwulize mwalimu wake namna ya kujitoharisha kwa sala. Wala jeraha lisipakwe mafuta ya taa, majivu wala dawa ya kienyeji.

Kombe na dua hatuvikatai, kwani shifaa ni ya Allah. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha atawakali. Msomee mtoto dua mkiwa njiani kuelekea hospitali.

Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wasiogope chanjo hii. Ni salama kwao, na kuikosa ndiko kwenye hatari. Na kikitokea kisa hiki mchana wa Ramadhani, wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema sindano ya tiba haifunguzi. Mtu asiiahirishe hata siku moja.

Limebaki jambo moja, nalo twawaomba wazazi mlizingatie zaidi ya yote. Watoto wetu tumewafunza kuwa mbwa ni najisi na wasimsogelee. Yule aliyemsogelea akaumwa, huenda akaogopa kusema. Atajua kuwa atakaripiwa, nguo zitafuliwa mara saba, na ataulizwa alikuwa wapi wakati wa chuo. Basi atafunika kidonda kwa kanzu au buibui na kunyamaza, na zile siku za rehema tulizozitaja zipite bure. Mwambieni mtoto leo, kabla hajaumwa, kwamba siku akiumwa na mbwa au paka hatapigwa wala hatakaripiwa, aje mbio aseme. Maneno hayo hayana gharama, na huenda yakawa ndiyo sababu ya uhai wake.

Twamwomba Mola awahifadhi watoto wetu, awape nguvu wanaotuhudumia sisi na wanyama wetu, na atujaalie kuwa wenye huruma kwa kila kiumbe chake. Amin.

Wabillahi tawfiq.