Mume Aliyerudi Kutoka Kagera



Msiba wa askari mstaafu una utaratibu wake. Wenzake wa zamani huja wamenyooka, wazee wa watu, na mmoja lazima asimulie: Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala. Wanaume barazani wanaitikia. Ndani, mjane aliye edani anaisikia hadithi aliyoisikia mara mia, na yeye hatajwi hata mara moja.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikachukuliwa tarehe 11 Aprili 1979. Katikati ya siku hizo vijana wetu, wakiwemo wa visiwani, walitembea Uganda kwa miguu masafa ambayo leo tunalalamika kuyapita kwa basi. Kule Kaboya, Muleba, wamezikwa askari 619, na kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa wake. Ni haki yao. Neno langu leo ni la waliorudi wakaishi.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, na mwaka huu tumemzika. Kila aliyesimama alimwita shujaa wa vita. Mimi ninayemkumbuka ni yule aliyepara samaki na kupika mchuzi mkewe alipokuwa kwenye arubaini ya uzazi, wakati wanaume wa mtaa wakimcheka. Alipiga pasi sare za skuli za watoto saba kila Jumapili usiku, marinda ya wasichana yamekaa kama yamekatwa kwa kisu. Pensheni yake akiihesabu mbele ya mkewe. Sikupata kumsikia akimpandishia sauti.

Lakini alikuwa na usiku wake. Aliamka akipiga makelele, na radi ikipiga alitoka jasho mwili mzima. Watoto waliambiwa baba anaota, basi. Hilo kwenye hitima halikusemwa, na najua sababu: marehemu hutajwa kwa mema yake. Nakubali, aibu ya mtu isifukuliwe. Ila tangu lini kuumia kukawa aibu? Angerudi na mguu mmoja tungeutaja na kumuombea. Tukilificha jeraha hili tunafuta na kazi ya mkaza mjomba, aliyekesha naye miaka zaidi ya arubaini, asubuhi akachemsha chai kama aliyelala vizuri. Na wako wake wengine hivi sasa wanaokesha vile vile, wanaambiwa mume ana jini, pesa zinaishia kwa waganga, na hospitali hajafikishwa.

Vijana wa vita vile sasa wana miaka karibu sabini na kuendelea. Kama una baba, babu au mjomba aliyekwenda, kaa naye. Usianze na bunduki. Muulize alikula nini njiani, barua ya nyumbani ilimfikia wapi. Akikataa kusema, mwache, wengine hawawezi. Kisha ingia ndani umuulize mkewe, maana yeye karibu hakuna aliyewahi kumuuliza. Simu unayo mkononi, irikodi sauti yake.

Na jambo la karatasi, nisamehe kwa kuchanganya. Namba yake ya jeshi, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, mke ajue vilipo tangu mume yu hai. Nimeona mjane akipekua masanduku huku anatoa machozi, kila ofisi inamrudisha kwa karatasi moja. Hilo si la kungojea msiba.

Mkaza mjomba alipomaliza eda nilimuuliza. Alinyamaza kwanza. Akasema mume wake aliporudi hakuweza kulala kitandani, alijinyoosha chini karibu na mlango. Siku ya tatu yeye akalishusha godoro, wakalala chini pamoja mwaka mzima, na mama mkwe hakujua.